Mkono Mmoja Mfukoni

Mkono mmoja mfukoni, alinifunza Ilgvars,
mmoja tu kazini. Umeme ukikupata
usipate njia ya kuvukia kifuani.
Miaka thelathini na minane sasa,
na kila koti langu la kazi hutoboka mfuko wa kushoto.

Kijana aliileta Jumatatu, theluji mabegani,
akaitua mezani kama aliyebeba bakuli la supu.
Ameinunua mnadani, vyombo vya marehemu,
kati ya kinu cha kahawa na viatu vya kutelezea barafuni.
"Upande wa kushoto unakohoa," akasema.
Hakusema unakwaruza, wala unakatika.
Nikampenda kwa neno hilo. Nikamwambia: Jumamosi.

Kilo kumi na saba. Transfoma mbili nyeusi.
Valvu nne, kila moja na fedha yake utosini.
Nafungua skrubu sita; ya saba haipo.
Vumbi linanukia makaa, samaki wa moshi,
sebule ya mtu nisiyemjua.

Kwanza kapasita. Hizi zina kinyongo:
chomoa waya ukutani, kalale, uamke,
bado zimekuwekea volti zako.
Naziteremsha kupitia rezista, polepole,
macho kwenye sindano ya mita hadi irudi sifuri.
Mbili zimevimba. Moja imevuja,
imeacha chumvi nyeupe miguuni.
Mficha maradhi — yaliyobaki unayajua.

Kisha nikageuza kifuniko, nisome penseli.
Mafundi huandika humo, mahali asipoona mtu
ila fundi mwingine.
*1964, valvu, J.K.*
*1972, swichi, J.K.*, herufi zimeanza kutetemeka.
*Machi 1987, V.*

V.
Mguu wake mmoja mfupi. Ndivyo ninavyoiandika mpaka leo.
Nilikuwa na miaka ishirini, mwanagenzi, wiki ya tatu.

Nikaufuata waya kwa kioo cha kukuzia
hadi soketi ya valvu ya kushoto. Hapo,
tone la lehemu, la kijivu, limekunjamana
kama utando wa maziwa yaliyopoa.
Lehemu baridi: imegusa, haikushika.
Niliondoa pasi mapema, na sababu naikumbuka:
tramu ya saa kumi na moja kasorobo
ilikuwa inakunja kona ya Grīziņkalns,
na mimi nilitaka kuiwahi.

Mwenyewe alirudi mara mbili, mzee mwenye kofia ya manyoya.
Ilgvars akasema valvu za siku hizi hazina maana,
akambadilishia, hakudai hata kopeki.
Mara ya tatu mzee hakuja.
Nilidhani imepona.
Kumbe alizoea. Jioni ngapi
alikaa akisikiliza upande mmoja,
ule mwingine ukikohoa kwa mkono wangu?

Kando ya V pana alama ndogo ya kuuliza.
Penseli nyingine. Mwandiko wa Ilgvars.
Wala hakuniambia neno, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Nikapasha moto. Nikahesabu, sikuharakisha.
Risasi ikayeyuka, ikazunguka mguu wa soketi,
ikatulia inang'aa.
Nikaweka kapasita mpya, nikaunganisha umeme
kupitia balbu ya waiti mia, kama tahadhari:
ikiwaka na kuendelea kuwaka, kuna ajali ndani.
Ikawaka. Nikashika pumzi.
Ikafifia, ikafifia, ikabaki uzi mwekundu,
na valvu zikaanza kupata rangi ya chai.
Spika zote mbili: kimya. Kimya kilichojaa.

Jumamosi kijana akauliza bei. Nikamtajia ya kapasita tu.
"Na ugonjwa ulikuwa nini?"
"Wa zamani," nikasema.
Chini ya alama ya kuuliza nimeandika tarehe, basi.

Wakati wa kufunga nilitia mkono mfukoni,
kidole kikapita tundu, kikagusa kitu kwenye bitana:
skrubu. Si yake, ya mashine nyingine kabisa,
kichwa kimelika.
Nikaijaribu kwenye tundu la saba.
Iligoma kidogo, halafu ikaingia.